Uso Uliomiminwa Shaba

Mjomba wangu hakurogwa na mtu. Alijiroga mwenyewe, kwa kichwa chake kigumu.

Alikuwa fundi wa kusubu shaba, kuiyeyusha na kuimimina iwe sanamu. Asubuhi moja alimlaza binti yake kwenye benchi la karakana, akampaka nta usoni, kwani mteja alitaka sanamu ya msichana aliyelala. Binamu yangu alicheka mpaka nta ikapasuka, ikabidi waanze upya. Nta ilipoganda ilibanduliwa usoni, ikafunikwa udongo na kuchomwa; ikayeyuka na kutoka, ili shaba imiminwe mahali pake.

Lakini bati la kuchanganya lilikuwa limekwisha, na bila bati shaba haiingii vizuri kwenye mikunjo midogo. Mjomba akachukua sarafu za kale zenye bati jingi, zilizokutwa na wachimba msingi katikati ya mifupa. Nyuso zilizochongwa kwenye sarafu hizo zilikuwa zimesuguika, hazina macho wala pua.

"Zirudishe," mkewe alimnong'oneza. "Zina wenyewe."

"Wafu hawanunui sukari," mjomba akajibu, akazitumbukiza chunguni.

Shaba ilipopoa akavunja udongo, nasi tukasogea karibu. Hata nywele za nyusi zilionekana. Ila binamu yangu alikuwa amefumba macho alipopakwa nta. Shaba ilikuwa imeyafumbua.

Tangu hapo uso wa binamu yangu ukaanza kufutika. Kwanza nyusi. Kisha ncha ya pua. Macho yakazibwa na ngozi laini, akawa anapapasa kuta.

"Baba, iyeyushe ile sanamu," alinong'ona kitandani. "Nakuona ukiwa kazini. Nakuona kutoka rafuni kule ulikoiweka."

Mjomba aliinama. "Sijawahi kutoa kazi kama ile, mwanangu. Acha kwanza mteja aione."

Kwa neno hilo namchukia hadi leo. Mtoto anaisha, baba anangoja sifa!

Mdomo wa binamu yangu ulipoanza kuziba, ndipo mjomba alipowasha tanuri. Majuto ni mjukuu. Sanamu ikalainika. Ikatoa jasho. Ikapiga ukelele. Ilikuwa sauti ya binamu yangu, na ilitoka mle chunguni.

Tulikimbilia chumbani kwake. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa ndani. Kitanda kitupu. Juu ya mto palikuwa na doa la kijani kama kutu ya shaba, lenye umbo la uso, mdomo wazi.

Mke wa mjomba ameufua mto ule mpaka kitambaa kimechakaa. Doa halitoki. Na ukiweka kiganja pale penye mdomo, unahisi pumzi.