Duara za Haumae

Nesta alikuwa anamenya magimbi jikoni. Kando ya kanisa jipya, wanaume walikuwa wanafanya mazoezi ya filimbi za mianzi. Wimbo ulipanda vizuri, kisha ukakatika.

"Haumae anajikuna tena," Nesta alisema moyoni.

Filimbi ile hushikwa kwa mikono miwili. Anayejikuna huiachia.

Punde mumewe akaingia, kifua wazi. Ngozi yake ilijaa duara za magamba, moja ndani ya nyingine, kama maji yaliyotupiwa jiwe.

"Wananicheka," Haumae alisema. "Eti napiga filimbi huku nacheza ngoma ya viroboto! Nisipotulia, siku ya kufungua kanisa ataongoza mwingine."

"Twende zahanati, Baba Losi."

"Kufanya nini? Baba alikuwa nazo, babu alikuwa nazo. Ni alama ya ukoo wetu. Damu haitibiwi, mke wangu."

Akachukua dawa ya kupaka aliyonunua dukani. Kila alipoipaka, ilipoza muwasho kidogo tu, kisha duara zilizidi kupanuka.

Nesta akamwita Losi amwogeshe. Mgongoni aliona duara ndogo, na ndani yake nyingine inaanza. Akampeleka kwa Haumae. Losi alikuwa mtoto wa dada yake Nesta. Walimchukua akiwa mchanga.

"Baba Losi," aliuliza taratibu, "damu ya ukoo wako imemfikiaje mtoto wa dada yangu?"

Haumae aliutazama mgongo wa mtoto. Akavaa shati, wakaondoka wote.

Huko zahanati, muuguzi, Sista Matilina, alikwangua magamba machache ya Haumae kwa kisu butu. Akayatia dawa ya maji, akayaweka kwenye hadubini ya kupimia malaria. Akatazama kwa muda.

"Mama Losi, sogea uone."

Nesta akainama. "Lo! Nyuzi! Kama za gogo lililooza!"

"Ni kuvu. Hii ni choa ya aina adimu, sehemu nyingi duniani haipo. Huambukiza kwa kugusana, na kwa kutumia mkeka au nguo pamoja."

"Mbona mimi sina, na mkeka wetu ni mmoja?"

"Umeuliza vizuri. Ngozi za watu wengine huipokea upesi, za wengine huikataa. Pengine ukoo wa Haumae una ngozi za kuipokea. Lakini kuvu si damu. Kuvu hutibika."

"Na dawa yangu ya dukani?" Haumae aliuliza.

"Inatuliza muwasho, lakini inaipunguzia ngozi nguvu ya kujikinga. Kuvu inashangilia! Iache leo."

Sista alimuuliza Haumae kama aliwahi kuugua ini, maana vidonge vyenyewe huweza kulidhuru, kisha akampa vya wiki kadhaa. Losi alipewa dawa ya kiasi chake.

"Muwasho ukiisha, msiache. Malizeni dawa. Fueni nguo kwa maji ya moto, na kila mtu alale mkeka wake."

Nesta aliuchoma mkeka wa zamani siku hiyohiyo.

Siku ya kufungua kanisa, Haumae aliongoza. Kifua chake kiling'aa kwa mafuta ya nazi. Duara zilikuwa zimebaki vivuli tu. Wimbo ulipofika pale ulipozoea kukatika, Nesta aliitazama mikono ya mumewe. Wimbo ukapita.

"Mama, Baba hajajikuna!" Losi alipaza sauti. Watu wakaangua kicheko.

Baadaye kaka yake Haumae alikuja kumpongeza, huku akijikuna ubavu.

"Mimi bado ninayo alama yetu," alijigamba.

Haumae alimshika mkono. "Kesho twende zahanati, kaka. Ukazione nyuzi zako."