Kofia Juu ya Kipima Upepo

— Siku kumi na mbili bila upepo? Pale kwenye kipito? Dada, ulipima mlima au ulipima chumba chako cha kulala?

Ukumbi ulicheka mpaka viti vya plastiki vikagongana. Aliyeuliza ni mjomba wangu, mkuu wa wapagazi. Aliyeulizwa ni mhandisi wa mradi wa magari ya kebo, kasimama mbele na karatasi zake, na ndiye mwanamke niliyepania kumuoa.

Mradi ulichekwa tangu siku ya kwanza. Walisema watalii wataanikwa kwenye kamba kama soksi. Walisema gari likikwama hewani, watu watapelekewa chai kwa kikapu. Utani huo wa chai, nakiri, niliutunga mimi. Wananiita Mwaka wa Tatu, maana chuo nilikiacha mwaka huo huo. Utani ndiyo kozi pekee niliyomaliza.

Asubuhi ya mkutano alikuwa ameniandikia:

“Leo usifanye utani. Naomba siku moja tu.”

Sasa hoja ilikuwa upepo. Ukizidi, magari hayatembei. Ndiyo maana alisimika mlingoti juu kwenye kipito, pale njia inapopenya kati ya vilele, na kwenye ncha yake kipima upepo chenye vikombe vitatu vidogo vinavyozunguka, kikimtumia namba ofisini kila saa. Na karatasi zilisema, mwezi ule ambao upepo unatung'oa kucha, vikombe vililala siku kumi na mbili. Mwenyewe aliona ni ajabu, ila alikataa kuzifuta. Mwenyekiti wa mkutano akamwambia taratibu kwamba kama namba ni za kupika aseme mapema, mradi ufe, naye atafute kazi nyingine.

— Sijapika namba. Mlima ukifaa nitaandika unafaa, usipofaa nitaandika haufai. Lakini sitoki humu nikiitwa mwongo.

Mimi nilijishika kichwani, kwa sababu kilichosimamisha vile vikombe nilikuwa nimekivaa.

Sisi wapagazi tuna kawaida yetu. Anayefika kipitoni wa kwanza anavika kofia yake kwenye mti mrefu kuliko yote, walio nyuma waione, wajue njia iko salama, waje. Mwezi ule mti mrefu kuliko yote ulikuwa mlingoti wake. Nikapanda mabegani kwa mwenzangu, nikaivika kofia yangu juu ya vile vikombe. Kofia ya sufu, aliyonifumia yeye. Wa mwisho kupita huwa anaishusha, ila nikawaambia waiache, mchumba akija kukagua aikute, acheke.

Hakuja. Alikuwa kalala na homa. Niliishusha safari iliyofuata, nikaivaa, nikasahau.

Nikaanza kuinuka. Mjomba akanishika shati.

— Kaa chini, mwanangu. Acha mradi ufie hapa hapa, usije ukatunyang'anya mizigo. Ile mizigo ndiyo iliyokulea.

— Najua, mjomba. Ila hakudanganya.

Nikasimama, nikawaeleza wote. Walicheka tena, safari hii mimi ndiye niliyechekwa. Yeye hakucheka.

— Kofia ipi?

— Hii.

— Uliiacha siku ngapi?

— Kumi na mbili.

— Na muda wote huu umekaa hapo unanisikiliza?

Alikuja mpaka nyuma, akanivua kofia, akaitia kwenye bahasha ya ofisi kama kielelezo cha polisi. Kisha akamgeukia mwenyekiti, akaomba mwaka mzima wa kupima upya, na kila wiki mpagazi mmoja apande kusoma namba kwa mkono, kwenye daftari, zilinganishwe na zake. Mjomba alikuna kidevu. Akasema zikisomwa na watu wake, wataziamini hata zikiwaumiza.

Jioni ulikuja ujumbe:

“Nilikupenda kwa sababu unanifanya nicheke. Leo umenifanya nichekwe. Usinipigie.”

Sikupiga. Nilikwenda kwa mjomba nikaomba hiyo kazi ya kusoma namba. Alinitazama kama mtu anayemkabidhi paka samaki, akanipa daftari.

Kila wiki nilipanda, nikasoma, nikamtumia.

“Kipitoni, saa nne asubuhi. Upepo mkali. Vikombe vinazunguka vizuri.”

“Imepokelewa.”

Wiki tisa, “imepokelewa” tisa. Ya sita nilituma ujumbe wa pili, kwamba masikio yangu yana baridi. Hiyo haikupokelewa. Wenzangu walinishauri niachane naye. Nikawaambia nimeshaacha chuo, inatosha, huyu simwachi.

Wiki ya kumi nilikuwa napanda na mjomba na kundi lake. Tulipokata kona ya mwisho, mjomba akasimama.

— Leo nani katutangulia?

Nikainua macho. Mlingoti ulikuwa pale pale, vikombe vinazunguka kama vimepagawa. Kando yake ulisimama mti mpya, mfupi zaidi, na juu yake kofia ya sufu. Yangu.

Mjomba akatua mzigo, akasema magoti yanamuuma, wao watapumzika kidogo. Magoti yake hayajawahi kumuuma. Nikaenda peke yangu.

Alikuwa ameketi chini ya mti, kajifunika koti mpaka pua.

— Mti huu ni wa kofia zenu. Ule wangu msiuguse tena.

— Na kofia ikiwa juu ya mti, unajua maana yake?

— Nilimuuliza mjomba wako. Mara mbili, nisije nikakosea.

— Na gari la kebo?

— Mwaka haujaisha. Upepo ukikataa, nitaandika umekataa. Watu wako watanisikia nikisoma kwa sauti.

Nikapiga magoti kwenye mawe.

— Mhandisi, nataka kukuoa.

— Soma namba kwanza.

Nikasoma. Vidole vilikufa ganzi, lakini niliandika kila tarakimu nikamkabidhi daftari. Akalikagua mstari kwa mstari, wiki zote kumi, akatia sahihi, akalifunga.

— Haya. Sema tena.