Harufu ya Gundi Ilipokwisha

Jua lilikuwa linazama mshonaji wa makava ya magodoro alipofunika cherehani yake na kuanza kulifunga godoro kwa kamba juu ya mkokoteni. Alikuwa na haraka. Bintiye alikuwa anarudi kutoka hospitali na mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake kutimia, na daktari alikuwa amesisitiza jambo moja: kifua cha mtoto yule ni chepesi mno, hivyo mahali pake pa kulala pachaguliwe kwa uangalifu.

Ndiyo maana mama huyu, aliyeyavisha magodoro ya wenzake miaka yote huku yeye akilalia lililobonyea, safari hii aliamua kuchagua. Kwenye pembe ya karakana alikuta bonge nene la sponji, matabaka yake yameunganishwa vizuri kwa gundi, ila halijavishwa kava. Hakuuliza ni la nani. Alilishonea kitambaa chake bora kuliko vyote.

"Usimlaze mjukuu humo leo," msimamizi alimwonya. "Hiyo harufu ni ya gundi na dawa za sponji. Litoe nailoni, lisimamishe penye upepo mpaka litulie. Mtu mzima litamuumiza kichwa tu, mtoto litamkaba."

Wakati huo aliingia mkata sponji, waliyemwita Wembe, mgane ambaye hakuonekana kazini kutwa nzima. Mkewe alikuwa amefariki baada ya kuugua kifua kwa muda mrefu, bila kubahatika kupata mtoto.

"Kaka Wembe, umekuja kazini au umekuja kutuaga?" mama alimtania.

Hakucheka. Alilitazama godoro.

"Hilo umelitoa wapi, dada?"

"Pale pembeni. Au ulikuwa umeliposa?"

Alisogea, akainama, akalinusa kama mtu anayenusa maziwa kujua kama yamechacha.

"Usiiache harufu ikaisha," alinong'ona.

"Umekata sponji mpaka zimekuingia kichwani, kaka yangu."

Alifungua kinywa ajibu. Msimamizi akamwita ndani, naye akaenda upesi, kama mtu aliyeepushwa na swali.

Nyumbani, mama alifuata maagizo hatua kwa hatua. Alivua nailoni, akalisimamisha godoro dirishani, akafunga mlango wa chumba hicho na kuwalaza bintiye na mjukuu chumba cha pili, juu ya mkeka. Harufu ilikuwa kali kama rangi mbichi. Ilimwasha koo na kumtoa machozi kila alipoingia kuligeuza. Lakini upepo ulifanya kazi yake, na siku baada ya siku ukali ukapungua.

Jioni moja aliweka pua kwenye kitambaa, akavuta pumzi.

Hakuna kitu.

Akavuta tena...

Chini kabisa kulikuwa na harufu nyingine. Dawa ya kuchua. Jasho lililokauka. Pumzi ya mtu aliyelala kitandani muda mrefu bila kuinuka.

Alijiambia ni nguo zake mwenyewe, kwani alitoka kazini hajaoga. Akalilaza godoro kitandani, akatandika shuka safi, akamlaza mjukuu katikati. Bintiye aliingia kuoga. Yeye akaenda jikoni kuchemsha maji.

Ndipo aliposikia kikohozi.

Hakikuwa cha mtoto. Kilikuwa kirefu, kizito, cha kuchimba kutoka chini ya mbavu, na mwisho wake kulikuwa na mluzi mwembamba...

Alirudi mbio.

Mtoto alikuwa amelala chali. Pembeni yake, godoro lilikuwa limebonyea. Palikuwa na alama ya bega. Palikuwa na alama ya nyonga. Palikuwa na mkunjo wa magoti. Umbo la mwanamke aliyelala ubavu, amemwelekea mtoto. Na wakati mama anatazama, mfereji mdogo ulichimbika polepole chini ya shingo ya mjukuu wake, kama mkono unaopitishwa ili kumkumbatia.

Mtoto akafumbua kinywa.

Akakohoa kikohozi kile kile.

Mama alimnyakua. Nyuma yake shuka lilijinyoosha, na umbo lile likainuka taratibu, kwa shingo upande, kama mtu anayeamshwa kabla hajashiba usingizi.

Alipofungua mlango wa nje kupiga kelele, Wembe alikuwa amesimama pale na mkokoteni.

"Nimepita hapa kila jioni," alisema, macho chini. "Nanusa dirisha."

"Umenipa nini, wewe?"

"Sikukupa, dada. Ulichukua." Sauti yake ilikatika. "Tabaka la katikati ni godoro la mke wangu. Kulichoma nilishindwa. Kulilalia nilishindwa, maana alikuwa hasinzii hata baada ya kuzikwa. Nikalibana kwa sponji mpya juu na chini, nikalizamisha kwenye gundi. Gundi ilipokuwa inanuka, alinyamaza."

"Anataka nini kwa mjukuu wangu?"

Wembe aliingia ndani. Alilibeba godoro peke yake, akalilaza mkokotenini kwa upole, akalifunika kama anayemkinga mgonjwa na baridi. Alipokata kona, mama alisikia kilio cha kichanga kikitokea huko barabarani.

Alimtazama mjukuu mikononi mwake. Kinywa chake kilikuwa wazi na machozi yakimtoka, lakini hakikutoa hata chembe ya sauti.

Leo mtoto ananenepa. Kifua chake ni safi, na daktari anasema koo halina kasoro, tusubiri. Bintiye amejifunza kuamka kwa kuhisi shuka likitikisika, kwa kuwa mwanawe hulia kimya.

Jana, jua likizama, mama alikwenda nyumbani kwa Wembe kudai kisicho na jina. Madirisha yalikuwa yamefungwa yote. Kupitia mwanya wa mlango ilitoka harufu ya dawa ya kuchua, na ndani mtoto alikuwa analia. Mama aliitambua sauti ile, ingawa alikuwa ameisikia siku chache tu.

Aliinua mkono abishe.

Kikohozi kile kirefu kikasikika, na kilio kikakoma papo hapo, kama kichanga kinavyonyamaza kikimtambua mama yake.