Usukani Bila Gari

"Wa gari gani?"

Swali hilo lilimkuta Kitavi amebanwa kwenye kaunta ya duka la spea, Barabara ya Kirinyaga, Jumamosi moja ya mwaka wa 2006, watu wakinyoosha plagi na feni belti juu ya kichwa chake. Aliyeuliza alikuwa msichana mwenye ovaroli ya buluu, hereni ndogo za dhahabu na doa la grisi shavuni lililomkaa kama urembo.

"Wa gari lolote, dada. Mradi ni usukani."

"Gari lolote!" Akacheka, na kaunta nzima ikacheka naye. "Hapa hatuuzi kofia, bro. Kila usukani una gari yake."

Angesema kweli: kwamba ana chumba cha gemu kule mtaa wa Satellite, kwamba wateja wamemvunjia usukani wa plastiki wa pleistesheni mara tatu, na sasa anataka kufunga wa gari la kweli. Lakini Kitavi alikuwa mtu wa kukumbuka. Alikumbuka kibanda chake kilichobomolewa ati barabara inapita. Barabara haikupita hadi leo, ila wenye magari wanaegesha papo hapo. Alimkumbuka Phoebe, aliyekataa posa yake akisema haolewi na mtu wa miguu. Jiji hili huhesabu watu kwa magurudumu.

"Nissan B12," akasema. "Yangu. Iko gereji."

"Sasa umeongea." Akamtolea usukani mweusi, uliong'arishwa na viganja vya watu wasiojulikana. "Ikiamka utanipeleka raundi?"

"Mpaka Ngong na kurudi."

"Naitwa Wanjugu. Leta namba."

Miezi mitatu wakapendana. Walikula chipsi mjini, wakapigiana simu mpaka kredi ikakata maneno katikati. Wasichana wengine hupeleka kadi. Wanjugu alileta waipa ya kufutia kioo. Akaleta kichwa cha gia. Akaleta kioo cha pembeni, kimefungwa kwa gazeti na utepe mwekundu.

"Ya mtoto wetu. Anaendeleaje?"

"Anangoja gasketi, switi."

"Gasketi gani? Si nikutafutie?"

"Wacha tu, mpenzi."

Akirudi Satellite Kitavi alijitukana njia nzima. Usukani wenyewe alikuwa ameshaufunga: alikata duara la ule wa plastiki, akaacha moyo wake, akaubana usukani hapo kwa bati na bolti nne juu ya ubao. Ulikuwa mtamu kushika, ila mzito. Ukikata kona, haurudi.

"Hii gari yako," alilia Dalmas, bawabu aliyecheza kila akitoka kazini, "inakataa barabara kama ng'ombe anayejua anapelekwa kichinjioni Dagoretti!"

Jumapili moja mlango wa chumba cha gemu ukafunguka. Wanjugu, gauni la manjano, viatu vya kisigino, kapeti mpya za gari kwapani. Aliangalia televisheni, ubao, usukani wake. Aliangalia kioo cha pembeni kilichotundikwa ukutani, kitana chini yake.

"Nilidhani umenificha bibi, nikaulizia mpaka hapa," akasema polepole. "Kumbe hakuna hata gari ya kumbeba."

"Wanju, ngoja nikueleze..."

"Kutwa nzima nadanganywa na wenye magari, Kitavi. Wewe nilikupenda juu ulikuja na vumbi kwa viatu. Ulidhani sikuona? Nikasema huyu gari yake imekufa na hana haya kutembea. Kumbe haya unayo."

Akaziacha kapeti mlangoni. Simu za Kitavi hakuzishika wiki mbili.

Jumamosi ya tatu Kitavi alitia waipa, kioo, kichwa cha gia na kapeti kwenye gunia, akatembea mpaka Barabara ya Kirinyaga. Kaunta ilikuwa imejaa. Wanjugu alimwona, akakaza uso.

"Wa gari gani?"

"Sina gari," akasema kwa sauti, kila mtu asikie. "Sijawahi kuwa nayo. Nimekuja kwa miguu na nitarudi kwa miguu. Nilikudanganya hapa hapa mbele ya watu, nikaona niseme ukweli hapa hapa. Usukani niliufunga kwa gemu. Na hata huko haujui kurudi katikati."

Wanaume wakaangua kicheko. Wanjugu hakucheka. Alikuwa amekunja kipaji cha uso, kama daktari aliyetajiwa ugonjwa anaoujua.

"Haurudi? Kwani uliweka springi gani?"

"Ile ya ule wa plastiki wa kwanza."

"Springi ya kitoi cha watoto, usukani wa chuma! Wewe nawe!" Akapapasa rafu ya juu, akashuka na springi mbili za breki, nene kama kidole. "Mama," akamwita mamake mwenye duka, "shika kaunta. Nimeitwa gereji."

Kule Satellite Wanjugu alipiga magoti sakafuni na spana, akafunga springi moja kushoto, moja kulia. Akaukata usukani mpaka mwisho, akauachilia. Ukarudi wenyewe, ukasimama katikati, kimya.

Akaketi kwenye stuli ya dereva, akaonyesha kreti iliyokuwa kando.

"Kaa hapo. Si uliniahidi Ngong?"

Kitavi akaketi. Moyo ulimdunda kuliko injini ya kwenye televisheni.

"Wanju... nikituma wazee wa posa kwa mamako, watakuja kwa miguu."

Macho ya Wanjugu hayakutoka kwenye barabara ya televisheni. Tabasamu likaanzia kwenye lile doa la grisi.

"Waje na vumbi lao," akasema. "Sasa funga mshipi."