Vizibo Chini ya Ushungi

"Geuka, tazama ukutani," Kocha Mikdad aliniambia.

Nikageuka. Masikioni nilikuwa na vizibo vidogo vya betri, juu yake nimefunga ushungi wangu mwepesi. Kocha akarudi nyuma hatua kumi na tano, akanong'ona kitu.

"Nimesema nini?"

"Umesema chai ya leo haina tangawizi."

Akacheka. "Basi hivyo ndivyo vyako. Vile vikubwa vya kufunika masikio, ukivivaa juu ya ushungi vinaacha upenyo, mlio unaingia. Tena ukilaza shavu kwenye kitako cha bunduki vinagonga. Hivi vinakaa ndani. Sauti ndogo vinaikuza, mlio wa bunduki vinaukata."

"Humaid anasema sponji zinatosha."

"Kwani masikio ni ya Humaid?"

Humaid alikuwa mchumba wangu, harusi ilibaki wiki tatu, na nilimpenda kiasi kwamba hata sponji za masikio alinichagulia yeye. Nikizivaa pale kwenye uwanja wetu wa shabaha Zinga nilikuwa kiziwi kabisa, mpaka niguswe bega. Siku hiyo nikachukua vya betri, nikajisemea nitamshtua.

Alasiri akaja na Nouf, shoga yangu, ambaye ndiye angekuwa mpambe wangu. Wakakaa benchi la nyuma. Nikalenga kisahani cha kwanza cha shabaha kilichorushwa hewani, kikapasuka. Nilikuwa natia risasi nyingine, karibu nigeuke nimtanie, nikamsikia Nouf kama yuko begani kwangu.

"Yaani mimi ndiye nimpake hina mke mwenzangu?"

"Mpake tu," Humaid alimjibu. "Mama anamtaka huyu. Wewe mtalaka, hataki hata kukusikia. Nikimpa harusi yake atapoa, halafu nakutoa hadharani."

"Na Hafidha akikataa?"

"Atakataa vipi na ameshaingia ndani? Baba yake hatakubali binti arudi na talaka ya wiki moja. Sisi Shehe Mwishehe wa Lugoba si ametufungisha ndoa tayari? Wasiwasi wa nini?"

"Punguza sauti basi."

"Huyo? Ana sponji. Piga hata ngoma."

Nilikuwa na bunduki mkononi na risasi mbili ndani. Nikaifungua, nikazitoa, nikaiweka mezani. Mtu asije akasema Hafidha hajui kujizuia.

Humaid akaja akanigusa bega.

"Umechoka, mpenzi?"

"Unasemaje?" nikamuuliza, nikijifanya sisikii.

Njiani akanitumia ujumbe: "Leo umelenga vizuri mke wangu mtarajiwa. Nakupenda."

Nikamjibu: "Nimesikia, mpenzi."

Nililia siku mbili, sifichi. Siku ya tatu machozi yakakauka, ikabaki hasira. Nikimwambia Humaid atakana, na Nouf ataapa. Nikaitafuta namba ya yule shehe wa Lugoba.

"Shikamoo, Shehe Mwishehe. Naitwa Hafidha, napiga kutoka Bagamoyo. Nakualika harusi ya Humaid, Ijumaa ya mwisho wa mwezi."

"Marahaba, mwanangu! Kumbe mama yake ameridhia? Waliniambia ile nikahi iwe siri mpaka apoe."

"Njoo, Shehe. Siku hiyo hakuna siri."

Kisha nikamwomba baba jambo moja tu: mgeni wangu wa Lugoba awe shahidi, waje naye mlangoni kuniuliza kama nimeridhia.

Ijumaa ikafika. Nouf alinipaka hina mwenyewe, akanivika, akanifukiza udi. Nilimpa mikono yote miwili na tabasamu juu. Mama yake Humaid alikaa mbele yetu, amejaa furaha.

Pazia likafunguliwa. Baba akasimama mlangoni, mashahidi wawili nyuma yake.

"Hafidha, mwanangu, umeridhia nikuozeshe Humaid?"

Kabla sijafungua mdomo, Shehe Mwishehe alimwona aliyekaa kando yangu.

"Alaa, Bi Nouf! Mbona upo pembeni? Kwani bibi harusi si wewe?"

Nouf akaangusha chetezo. Wanawake wakaruka makaa.

"Shehe, unamjua huyu?" mama yake Humaid akauliza.

"Nitaachaje kumjua, Bibi? Huu mwezi wa pili tangu nimfungishe ndoa na Humaid kwa mkono wangu. Nilidhani leo ni karamu yao."

"Nouf? Huyu Nouf?" Mama yule akashika kichwa. "Humaid! Njoo hapa!"

Humaid akaja na joho lake, jasho linamtiririka. Akaniangalia mimi kwanza.

"Nani kakwambia?"

Nikapitisha kidole chini ya ushungi, nikatoa kizibo kimoja, nikakiweka kiganjani ili akione vizuri.

"Wewe. Benchi la nyuma, Zinga. Ulisema nipigiwe hata ngoma."

Nikageukia mlangoni.

"Baba," nikasema, "sikuridhia. Biriani ipakuliwe, wageni wasiondoke na njaa. Hao wawili ni mke na mume, wapewe sahani moja."

Wiki mbili baadaye nilikuwa uwanjani nikasikia viatu vya Humaid kwenye changarawe. Akasimama benchi lile lile.

"Hafidha, nisamehe. Mama hanisemeshi. Nouf amerudi kwao, ananidai talaka. Nilikosea. Ninayempenda ni wewe."

Sikugeuka.

"Hafidha, unanisikia?"

Nilimsikia mpaka mate alivyoyameza. Nilikuwa nimeisubiri sauti ile inayonyenyekea, na ilikuwa tamu. Nikamwacha aombe tena, na tena. Alipoangua kilio, nikaingiza mkono chini ya ushungi, nikabonyeza kitufe cha kuzima vizibo, sauti yake ikakatika katikati ya jina langu.

"Kocha, rusha!"

Kisahani kikapaa. Nikakipasua.