Ratiba Bila Makaburi

Kila siku baada ya shule Bakiri alipitia kwenye duka la vitambaa alikofanya kazi mama yake, akachukua ufunguo, akapanda ngazi hadi kwenye fleti yao pale Mayfair, mtaa wa Johanesbagi, na kula alichokikuta chini ya kawa. Kisha aliteremka kucheza mpira uani mpaka adhana ya magharibi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu kuliko wenzake, mwenye maneno mengi mdomoni na kazi chache mikononi. Kama kungekuwa na mashindano ya kupanga mambo ambayo watu wengine ndio watakaoyafanya, angerudi nyumbani na kombe.

Kwa hiyo simu ilipopigwa kutoka Tanga kwamba Bibi Nasra, mama wa marehemu baba yake, anakuja Johanesbagi, hakuna aliyeshangaa Bakiri alipojitangaza kuwa mpangaji wa mambo yote. Bibi angefika Ijumaa mchana na kuondoka Jumapili jioni. Mwanawe mdogo aliyeko Dar es Salaam alikuwa amempatia tiketi ya siku hizo tu, na Bibi alikataa kungoja nyingine.

Jioni ile Bakiri alimweleza mama yake ratiba. Jumamosi asubuhi wangepanda basi jekundu lisilo na paa, lile linalowazungusha wageni mjini. Mchana wangepiga makasia kwenye ziwa dogo la Zoo Lake. Usiku wangeingia Fordsburg, ambako mitaa inawaka taa na watu wanakula nyama ya kuchoma barabarani na kunywa faluda, halafu wakalitazame Daraja la Mandela likibadilika rangi. Jumapili ilikuwa ya masoko na maduka makubwa, na kutoka hapo moja kwa moja hadi uwanja wa ndege.

Mama yake, Kidawa, alisikiliza yote huku akikunja nguo. Alipomaliza kukunja aliuliza swali moja tu.

"Na makaburini tunakwenda lini?"

"Tutapata nafasi, Mama."

"Bakiri, bibi yako hapandi ndege kuja kunywa faluda. Jumapili asubuhi tunakwenda kwa baba yako. Hayo masoko yako yasubiri."

Bakiri aliitikia shingo upande. Ratiba yote ile, na basi lake na taa zake, aliipanga ili nafasi ya kwenda makaburini isipatikane.

Baba yake, Nassir, alikuwa na duka dogo, spaza kama watu wanavyoita huku, katika kitongoji cha Diepsloot nje ya mji. Siku za wiki alilala hukohuko dukani, na nyumbani alirudi Jumamosi jioni. Mwaka uliopita homa ya mapafu ilimshika na haikumwachia. Alizikwa siku ileile aliyofariki, kama ilivyo desturi, kabla ndugu yeyote wa Tanga hajapata hata kutafuta nauli. Wanawake wa kwao hawaendi kuzika, kwa hiyo mama alibaki fletini akilia na majirani. Katika familia nzima ni Bakiri peke yake aliyelifuata jeneza na kuona baba yake alipolazwa.

"Sasa wewe ndiye macho yangu huko," Bibi alimwambia kwenye simu. Alimwomba awe anakwenda kaburini kila Jumapili, amsomee baba yake Yasini, apande mrehani juu ya kaburi, kisha amtumie ujumbe wa sauti wa kumweleza kulivyo. Usafiri ulikuwapo. Mzee Makame, Mzanzibari aliyeuza vipuri vya magari mtaani kwao, aliwapeleka wanaume makaburini kila Jumapili kwa pikapu yake, na kila mmoja alikwenda kwa maiti wake.

Bakiri alikwenda mara moja. Alisimama mbele ya kile kifusi cha udongo mwekundu chenye kijiti, na hapo ndipo alipoelewa kwamba baba yuko humo. Siku za wiki, nyumbani, aliweza kujiambia kwamba baba yuko Diepsloot dukani, kama zamani. Makaburini hakuweza kujiambia hivyo. Jumapili iliyofuata hakwenda, wala nyingine tena.

Mzee Makame aliambiwa kwamba mama anamhitaji nyumbani. Mama aliambiwa kwamba amekwenda. Na Bibi, masikini, ndiye aliyedanganywa kuliko wote. Bakiri alipanda juu ya paa la fleti, penye upepo kama wa uwanja wa makaburi, akashika simu na kusema, "Nipo kwa Baba, Bibi. Nimeshamsomea." Mrehani ukaota kwa maneno tu. Kwanza ulichipua, baadaye ukafika magotini, halafu ukatoa maua. Bibi alijibu kila mara kwa dua ndefu na sauti yenye furaha, na kila alipofurahi ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kumwambia ukweli.

Ijumaa Bibi alifika akiwa na begi dogo. Ndani mlikuwa na halua ya Tanga, kanga mbili za mkwewe, na chupa ya marashi ya waridi aliyoifunga kwa kitambaa ili isivunjike.

"Haya, mume wangu," alimtania Bakiri, kama bibi wa pwani wanavyowatania wajukuu wao wa kiume. "Nimesikia umeniandalia fungate."

Jumamosi yote ilikwenda kama ilivyopangwa. Juu ya basi jekundu Bibi alishika ushungi wake kwa mikono miwili na kuuliza kila jengo ni la nani, kana kwamba anataka kulinunua. Zoo Lake alikataa katakata kupanda mashua, akakaa kwenye nyasi na kuwacheka waliopanda. Usiku pale Fordsburg alikula mishikaki, akakosoa pilipili yake, kisha akaagiza mingine. Vijana walipita na magari yanayopiga muziki hadi vioo vinatetemeka, na Bibi akatikisa kichwa, ila mguu wake ulikuwa unafuata mdundo. Mama Kidawa alicheka mpaka akafuta machozi. Ilikuwa muda mrefu Bakiri hajamwona akicheka hivyo.

Waliposimama kulitazama daraja, Bibi alimshika Bakiri mkono.

"Unajua kwa nini leo nimeweza kustarehe?" alimwambia. "Kwa sababu kesho namwona mwanangu. Bila hivyo hata hii mishikaki isingepita kooni."

Hapo ndipo Bakiri alipopaswa kusema. Alijua, na maneno yalikuwa yamefika kwenye ulimi. Lakini Bibi alikuwa anatabasamu, taa za daraja zikimmulika usoni, na Bakiri akayameza.

Jumapili asubuhi Mzee Makame aliwasubiri na pikapu yake. Bakiri alikaa nyuma, akiomba mvua, akiomba gari liharibike. Gari lilikwenda vizuri kuliko siku zote.

Walipoingia makaburini aliona mambo ni mabaya kuliko alivyofikiria. Mvua za msimu mzima zilikuwa zimesawazisha vifusi vya zamani, na vipya vilikuwa vimeongezeka kila upande. Kile kijiti hakikuwapo. Safu zote zilifanana. Mzee Makame hangeweza kusaidia, maana siku ya mazishi alikuwa safarini Durban, na sasa alikwenda zake kwa marehemu mkewe. Bibi na mama walisimama wakimwangalia Bakiri, wakingoja awaongoze.

Aliwaongoza. Alitembea kama mtu anayejua anakokwenda, akachagua kaburi lililopaliliwa vizuri, lenye kokoto nyeupe pembeni, akalionyesha kwa kidole.

Bibi Nasra alipiga magoti. Kisha alianza kumsemesha mwanawe kwa sauti ya chini, jinsi mtu anavyomsemesha mtoto aliyelala. Alimwambia samahani kwa kuchelewa. Alimwambia mwembe wa uani umekatwa, dada yake amejifungua, na yeye mwenyewe magoti yanamsumbua lakini amekuja. Alifungua chupa ya marashi na kuyamimina yote, kuanzia kichwani hadi miguuni, huku machozi yakimtoka. Bakiri alisimama nyuma yake akiyatazama marashi yakiisha.

"Na mrehani uko wapi, mume wangu?" Bibi aliuliza akipapasa udongo. "Au umekauka?"

Kabla Bakiri hajajibu, mwanamume mmoja wa Kisomali, mwenye duka la mahindi jirani na msikiti wao, alifika akiwa ameshika mkono wa binti mdogo. Binti alikuwa na maua. Waliwaona, wakasimama. Mwanamume alitoa salamu kwa adabu, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha Nairobi, "Mama, asante kwa dua. Mlijuana na mke wangu? Huyu hapa ni mke wangu."

Bibi alimtazama yule mwanamume, akatazama kaburi, akatazama chupa tupu mkononi mwake. Mwisho alimgeukia Bakiri. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na uso wa mtu aliyepokea habari za msiba kwa mara ya kwanza, na hilo Bakiri hatalisahau mpaka aingie kaburini mwake.

"Bakiri," mama yake alisema. "Baba yako yuko wapi?"

"Sijui, Mama."

Ndipo aliposema yote, palepale, mbele ya yule mwanamume na binti yake. Alisema kuhusu paa la fleti, upepo, mrehani usiokuwapo. Alisema kwamba alikuja mara moja tu, na kwamba akiwa nyumbani baba alikuwa bado yuko Diepsloot. Mama alifunika uso kwa kanga. Bibi alibaki amekaa chini, akiisikiliza kila sentensi mpaka mwisho.

Mzee Makame aliporudi na kuelezwa, alipiga simu kwa watu wawili waliokuwapo siku ya mazishi. Wote wawili walikumbuka safu, ile inayopita nyuma ya bomba la maji. Kaburi lenyewe hakuna aliyelikumbuka. Ofisi ya makaburi ilikuwa imefungwa hadi Jumatatu, na ndege ya Bibi ilikuwa ya jioni ileile.

Walikwenda kwenye ile safu. Bibi aliikagua toka mwanzo, akachoka, akakaa palipokuwa na nafasi, karibu na bomba. Hakuwa na marashi tena. Aliwatolea salamu wote waliolazwa pale, akawaombea wote, na alipofika kwenye jina la mwanawe alilitaja bila kujua augeukie upande gani. Hicho ndicho kilichomvunja Bakiri. Alilia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi, na Bibi alimvuta akamlaza mapajani.

Kwenye mlango wa wasafiri wa uwanja wa ndege Bakiri aliomba radhi, na Bibi akamwambia ameshamsamehe, ila moyo wake bado unauma na asimdai ukome leo. Alimwagiza kesho aende ofisini na mama yake, aulize kaburi, kisha ampigie simu akiwa palepale.

Jumatatu walikwenda. Mama aliomba ruhusa kazini, Bakiri akakosa shule. Karani alitaka jina na tarehe ya mazishi, akawatajia namba ya kaburi, na mfanyakazi mmoja akawapeleka hadi penyewe. Safu ilikuwa ileile ya nyuma ya bomba. Lakini Nassir alikuwa mwisho kabisa wa safu, karibu na ukuta, mbali na pale Bibi alipokaa. Alipomwombea jana, alikuwa amempa mgongo.

Bakiri alishika simu bila kupiga. Ingekuwa rahisi sana kusema, Bibi, ulikaa jirani naye kabisa. Nani angejua? Mwanamke mzee angelala usingizi mzuri. Mama yake alimwangalia, na kwa uso wake ilionekana hata yeye angependa iwe hivyo. Hakumwambia aseme lipi.

Alipiga. Bibi, ambaye bado alikuwa kwa mwanawe Dar es Salaam, alipokea mara moja.

"Bibi, tumempata. Yuko mwisho wa safu, ukutani. Jana ulikaa mbali naye. Ulimpa mgongo, Bibi. Nisamehe."

Wakamsikia akilia. Alilia kwa muda, nao wakamngoja. Aliporudi kwenye simu sauti yake ilikuwa nzito.

"Bakiri, ule mrehani wako ulinifurahisha siku zote hizo, na leo sina hata jani lake. Hili uliloniambia sasa limenichoma, lakini nimelipokea, na najua mwanangu amelala wapi. Mjukuu wangu, usimdanganye mtu kwa sababu unampenda. Ukimpenda mwambie kweli, na kama ni ya kulia, mlie pamoja. Msiba wa baba yako uliubeba peke yako juu ya paa, nami nilimlilia peke yangu kule Tanga, na hiyo ndiyo hasara tuliyoipata."

"Ndiyo, Bibi."

"Na usipoweza kuniambia mimi, mwambie mama yako. Ukiona uchungu wa kwenda, sema una uchungu. Hakuna atakayekucheka."

Bakiri aliweka simu juu ya udongo, spika ikiwa wazi, na mama yake akachutama pembeni. Bakiri akaanza kusoma Yasini. Alikwama mara kadhaa kwa sababu ya kilio, na kila alipokwama Bibi alimdokezea aya kutoka Dar es Salaam mpaka wakaimaliza.