Nesta na Mashine Isiyokojoa

Kila siku baada ya masomo, Nesta alikuwa akivua sare, akila kiporo cha ugali na maharage akiwa amesimama, kisha akikimbia hadi karakana ya mjomba wake, Asajile. Tunduma ni mji wa malori, na penye malori mengi hapakosi kugongana. Mjomba Asajile alikuwa fundi wa faiba, ile plastiki ngumu ya nyuzi za kioo: bampa likipasuka au boneti likitoboka, madereva waliokuwa wakisubiri kuvuka mpaka walimletea yeye. Kazi ya Nesta ilikuwa kupiga msasa. Vumbi la faiba huwasha kama upupu, kwa hiyo alivaa glavu, miwani na kitambaa puani. Wenzake walimcheka kwamba amejaa unga kama mtu aliyetoka kusaga mahindi.

Mwaka huo kazi ilikuwa tofauti. Akina mama wa kanisa katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Rukwa walikuwa wamechanga na kununua boti kuukuu ya mwendo kasi, iliyokuwa imelala miaka mingi kwenye yadi upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kuku wakitagia ndani yake. Mvua zikinyesha, barabara ya kijiji chao hukatika, na nesi hana njia ya kufika vitongoji vya ng'ambo isipokuwa kwa maji. Mjomba na Nesta walikwangua rangi iliyobabuka, wakakata sehemu zilizooza, wakabandika matabaka mapya ya faiba na kuyapaka rezini, gundi ya kuyagandisha. Sehemu ya nyuma inayobeba injini waliijenga upya yote.

Injini ndiyo iliyowasumbua. Mjomba aliifungua, akabadilisha raba ya pampu ya maji, ile yenye mapanga ya kusukuma maji, akatumbukiza mguu wa injini ndani ya pipa la maji na kuvuta kamba. Ikawaka. Ubavuni, kwenye tundu dogo, ukatoka mchirizi wa maji.

"Unaona inavyokojoa?" Mjomba aliuliza. Nesta akaangua kicheko. "Cheka, lakini sikia. Lori lina rejeta. Hii haina, inakunywa maji ya ziwa ili ipoe. Ikikojoa, ujue ni nzima. Isipokojoa, itaungua na kuzimika katikati ya maji. Kwa hiyo haiwashwi nje ya maji hata kidogo. Na siku utakayoigusa mimi sipo, ndiyo siku yako ya mwisho kuja hapa karakana."

Raba ya zamani hakuitupa. Aliiweka ndani ya kopo la siagi, kwenye sanduku la spana. "Mzee huyu amekakamaa tu," alisema. "Bado ana nguvu zake."

Siku moja kabla ya safari ya ziwani, Mjomba alitoka kwenda kutafuta lori la kubeba boti. Clement, anayesoma darasa moja na Nesta, akapita na rafiki zake. Injini ilikuwa imefungwa kwenye fremu ya mbao, kavu kabisa. Nesta akawaambia kwamba ameitengeneza yeye na mjomba wake.

"Acha fiksi, Nesta," Clement alisema. "Fundi gani wewe? Wewe ni wa msasa tu. Ungekuwa fundi ungeiwasha tuone."

Maneno yale yalimchoma. Alijua anachokatazwa na alijua kwa nini, lakini mikono yake ilikwisha kuunganisha mpira wa petroli. Alivuta kamba mara kadhaa, injini ikanguruma, watoto wakapiga makofi. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nesta aliiacha ingurume zaidi na zaidi, mpaka harufu ya raba inayoungua ilipompiga puani. Akaizima haraka.

Mjomba aliporudi alimletea andazi, akamsifu kwa kuwa karakana ilikuwa imefagiwa vizuri. Nesta aliliweka andazi kando. Nesta alitaka kusema, akakumbuka onyo la mjomba wake. Karakana ile ndiyo mahali pekee alipojiona mtu wa maana, na hakuweza kufikiria jioni zake bila kuwa pale. Akaaga, akaenda nyumbani bila kusema.

Kesho yake lori liliwashusha bondeni pamoja na boti na sanduku la spana, kwenye joto la Rukwa. Ufukweni watu walikuwa wamejaa. Nesi Loisi alikuwa na sanduku la chanjo lenye barafu, na kando yake alisimama mama aitwaye Rozi, amebeba mtoto mchanga, akisubiri kurudishwa kwake ng'ambo.

"Nilitaka kwanza niijaribu peke yangu," Mjomba alisema.

"Fundi, barafu inayeyuka," Nesi Loisi alijibu. "Na upepo wa mchana ukianza, hakuna atakayevuka. Ziwa hili lina mamba, na lina viboko. Ni sasa hivi au tulale hapa."

Mjomba akakubali shingo upande. Watu wazima walivaa majaketi ya kuokolea, wakaingia. Nesta alisimama majini, akishikilia boti kwa nyuma. Mjomba aliiwasha injini, akaenda kuketi kwenye usukani mbele, mahali ambapo hawezi kuliona lile tundu la ubavuni.

"Nesta, inakojoa?"

Nesta akatazama. Lilidondoka tone moja, likafuata jingine. Hakukuwa na mchirizi wowote. Ufukwe mzima ulikuwa ukimtazama yeye.

"Inakojoa, Mjomba," alisema.

Mjomba hakugeuka. Aliliamini neno lake, boti ikaondoka.

Rozi akaushika mkono wa mtoto wake, akaupunga kuwaaga watu. Mkono ule mdogo ndio uliomshinda Nesta. Akaita kwa nguvu, "Mjomba, rudi!" lakini mngurumo wa injini ukaimeza sauti yake. Akazidi kuingia majini mpaka kiunoni, huku nyuma yake watu wakimwita atoke, mamba wapo. Hakutoka. Alivua kitambaa cha kichwani, akakipunga huku na huku, akilia. Hatimaye Nesi Loisi aligeuka, akamgusa fundi begani. Boti ikapunguza mwendo, ikageuka polepole, ikarudi ikitoa harufu ya kuungua.

"Haikojoi," Nesta alisema kabla hajaulizwa. "Nimekudanganya, Mjomba. Jana niliiwasha ikiwa kavu, nikijionyesha kwa Clement. Niliisikia raba ikiungua, nikaogopa utanifukuza."

Mjomba aliweka kiganja juu ya injini, akakiondoa upesi. Alimtazama Rozi na mtoto wake, kisha akayatazama maji.

"Lete kopo la siagi," alisema.

Wakaitoa injini, wakafungua mguu wake. Mapanga ya raba mpya yalikuwa yamenyofoka yote. Mjomba alianza kuipachika ile ya zamani, na Nesta akampa spana moja baada ya nyingine.

"Kuunguza raba ni kosa, lakini raba inabadilishwa," Mjomba alisema bila kuinua macho. "Nilipokuuliza pale, macho yako yalikuwa ndiyo macho yangu. Ukanipofusha, na watu wamo ndani. Wanasema mficha maradhi, kifo humfichua. Leo ulificha wewe, na kifo kingemchukua mtoto wa mwenzio. Ukikosea, useme mapema, wakati raba ndiyo pekee iliyoharibika."

"Nimeelewa, Mjomba. Na karakana?"

"Utakuja. Umerudi kusema kweli ukiwa kwenye maji yenye mamba, siwezi kumfukuza mtu huyo. Ila utapiga msasa tu. Injini hutaigusa mpaka nitakapokuambia."

Nesi Loisi alifunika sanduku lake kwa kanga mbichi, na hakumharakisha fundi tena. Boti iliposukumwa majini, Rozi alisita kidogo, kisha akapanda. Injini ikawaka.

"Nesta," Mjomba aliita kutoka kwenye usukani. "Inakojoa?"

Nesta alikinga kiganja chini ya tundu. Maji ya uvuguvugu yakampiga, yakafurika vidoleni. Alisubiri, ahakikishe kwamba hayapungui.

"Inakojoa, Mjomba."

Mjomba hakugeuka kutazama. Alitia gia, wakaenda.